Mgomba Hutembea kwa Miguu ya Watu

Ndizi mbivu ikikatwa kwa upana, katikati ya nyama yake huonekana vidoa vidogo vyeusi. Mlaji huvimeza bila hata kuvihisi. Ni mabaki ya mbegu zilizoanza kujijenga zikakwama siku za mwanzo kabisa za uhai wa tunda. Katika ndizi mwitu zinazoota misituni Asia ya Kusini-Mashariki, nafasi hizohizo zimejaa mbegu nyeusi za kuvunja jino, na nyama inayozizunguka ni kidogo kiasi kwamba anayeifaidi zaidi ni popo.

Mbegu hizo ndizo zinazoupa mgomba mwitu uwezo wa kusafiri. Popo hula tunda, huangusha mbegu mbali na mama, na mgomba mpya huchipua mahali ambapo hakuna mtu aliyeupanda. Mgomba wa shambani hauna uwezo huo. Hauna mbegu ya kumpa popo wala ndege, na hauna hata lile vumbi la uzazi ambalo makangaga ya kando ya mito huliachia upepo. Hata hivyo umeenea mno. Upo kwenye vibanja vya Wahaya na vihamba vya Wachaga, kwenye vilima vya Rwanda na Burundi, Kivu, Buganda, miteremko ya Mlima Elgon, Rungwe, Unguja na Pemba. Kila mgomba unaosimama huko ulifikishwa na mtu, au umechipua kutoka kwa mwingine uliofikishwa na mtu.

Ukilishika jambo hilo moja, historia ya ndizi Afrika Mashariki inasomeka. Magonjwa yanayoitafuna leo yanasomeka pia, kwa sababu ndizi na magonjwa yake vimepita njia moja: mkono unaong'oa chipukizi hapa na kulipanda kule.

Kwanza, mmea wenyewe. Mgomba si mti. Kinachosimama na kuitwa shina ni sehemu za chini za majani zilizofungamana kwa nguvu; shina halisi ni tunguu lililozikwa ardhini. Tunguu hilo lina macho, na kila jicho linaweza kuwa chipukizi. Wakati ukifika, ncha yake ya kukua huacha kutoa majani na kuanza kutengeneza ua. Ua hilo hupanda polepole ndani ya shina lile la majani hadi kileleni, hujitokeza, huinama, na kuwa mkungu. Shina moja huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa. Kufikia siku hiyo, machipukizi yake yamekwishasimama kando, mengine yakiwa na majani membamba kama upanga, yale ambayo wakulima wazoefu huyachagua kwa sababu yamejishikiza vizuri kwenye tunguu na yana akiba ya kutosha.

Mabwana shamba hufundisha kubakiza watatu katika kila shimo: mama mwenye mkungu, mtoto anayemfuata na mjukuu anayechungulia. Wengine wote hung'olewa, na hao wanaong'olewa ndio miche ya shamba jipya au la jirani. Kwa utaratibu huo shamba la migomba linaweza kumzika aliyelianzisha. Kagera na Uganda yapo mashamba yaliyozaa kwa zaidi ya miaka 50 bila kupandwa upya.

Lakini huyo "mtoto" hana baba. Hakuna chavua iliyokutana na yai ili azaliwe. Ni kipande cha mwili wa mama kilichoamua kusimama chenyewe. Vinasaba vyake ni vile vile vya mama, vya bibi, na vya yule wa kwanza aliyeletwa kwenye kijiji hicho vizazi vingi vilivyopita.

Kwa nini mbegu zimetoweka? Hesabu yake ni rahisi. Mgomba mwitu una kromosomu 22, yaani seti mbili za 11. Migomba mingi ya kuliwa ina 33, seti tatu. Mmea unapotengeneza chavua na mayai unapaswa kuzigawa seti zake katika mafungu mawili yaliyo sawa, na seti tatu hazigawanyiki sawa kwa mbili. Chembe nyingi za uzazi hutoka na hesabu mbovu, hazifai kitu. Hilo peke yake lingeuacha mmea bila tunda la maana, kama si tabia ya pili iliyochaguliwa na wakulima wa kale: ndizi ya shambani huvimba na kujaa wanga hata kama hakuna chavua yoyote iliyofika. Tunda halisubiri mbegu.

Wakulima hao wa kale waliishi mbali na Afrika. Kwenye kinamasi cha Kuk, katika nyanda za juu za Papua New Guinea, wanaakiolojia wamepata ushahidi kwamba migomba ilikuwa ikilimwa karibu miaka 7000 iliyopita. Kutoka eneo lile la visiwa, watu waliokuwa wakihama kwa mitumbwi walibeba machipukizi yao, na kila walipotua migomba yao ilikutana na ya porini. Jamii mbili za mwitu zimehusika katika karibu ndizi zote tunazozijua: Musa acuminata na Musa balbisiana. Katika mchanganyiko huo zilizaliwa ndizi zenye mbegu chache, kisha zisizo na mbegu kabisa. Aliyeipata moja ya namna hiyo alikuwa na njia moja tu ya kuihifadhi, nayo ni kuchimba tunguu na kulipanda karibu na nyumba.

Tunguu lililokatwa majani hustahimili siku nyingi kivulini bila udongo. Sifa hiyo iliufanya mgomba kuwa abiria mzuri wa baharini. Lini hasa abiria huyo alishuka pwani ya Afrika ni suala ambalo wataalamu bado wanalibishania. Masalia ya majani ya mgomba yaliyochimbuliwa Nkang, nchini Kamerun, yamekadiriwa kuwa na umri wa miaka 2500 hivi, na si wote wanaokubali kadirio hilo. Kilicho wazi ni kwamba Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na alipotua Mombasa aliitaja migomba miongoni mwa mimea aliyoikuta kisiwani. Pwani ilikuwa na upishi wa ndizi uliokwishakomaa.

Bara nako kuna kumbukumbu, ingawa ya namna nyingine. Waganda husimulia kwamba Nambi, binti wa mbinguni aliyeolewa na Kintu, alishuka duniani akiwa na mifugo na mgomba wake. Njiani ikagundulika kwamba ulezi wa kulishia kuku umesahauliwa. Kurudi kuuchukua ndiko kulikompa nafasi Walumbe, kaka yake Nambi, ambaye ndiye maradhi na kifo, kuwafuata hadi duniani. Masimulizi hayo yametangulia maabara zote za kilimo, na tayari yanaweka mgomba na ugonjwa katika msafara mmoja.

Kilichotokea baadaye kwenye eneo la Maziwa Makuu ni moja ya kazi kubwa za wakulima wa Afrika, na inastahili kusemwa hivyo kwa sauti. Katika eneo linalokusanya Uganda, Kagera, Rwanda, Burundi na Kivu, watu wana ndizi zao za nyanda za juu ambazo hazikuota kwanza mahali pengine popote: matoke za kupika na ndizi kali za kutengeneza pombe. Wataalamu wa mimea wamehesabu zaidi ya aina 80 nchini Uganda na kuziweka katika makundi matano. Nfuuka, Musakala, Nakitembe na Nakabululu ni za chakula. Mbidde ni za pombe. Zinatofautiana umbo la mkungu, urefu wa kidole, rangi ya shina, ulaini sufuriani, ukali wa utomvu. Mkulima mzoefu huzitambua kwa mbali.

Watafiti walipozipima vinasaba na kutangaza matokeo mwaka 2016, walikuta kwamba zinakaribia kuwa kitu kimoja. Tofauti zilizokuwa zikionekana kwa macho hazikuonekana kwenye vipimo, na maelezo yanayoingia akilini ni kwamba zote zimetokana na mgomba mmoja. Mmoja, ulioingia bara karne nyingi zilizopita, ukagawanywa, machipukizi yake yakagawanywa tena, kutoka kilima hadi kilima.

Basi utofauti umetoka wapi? Mara moja moja, katika jicho moja la tunguu moja, kosa dogo hutokea wakati chembe hai zinapojigawa. Chipukizi linalotokana na jicho hilo huwa na kitu kipya, pengine kidole kifupi zaidi, pengine utomvu mchungu zaidi. Kwenye mimea ya mbegu, kosa kama hilo huchanganywa na mengine kila msimu. Kwenye mgomba hubaki shina moja, na lingepotea na shina hilo kama hakuna aliyeliona. Kwenye mashamba hayo waliliona. Waliupima mkungu kwa jicho na ulimi, wakalitenga chipukizi lake, wakalipa jina, wakampa jirani. Kazi ambayo kwa mimea mingine hufanywa na chavua na yai, hapa ilifanywa na wakulima, na kwa sehemu kubwa na wanawake waliokuwa wakipika.

Kilimanjaro na Meru kuna hazina tofauti. Mchare, ndizi inayoingia kwenye mtori na machalari, ina seti mbili tu za kromosomu, na bado haina mbegu. Ina ndugu zake wa karibu waliokutwa Unguja, Pemba na Comoro. Uchunguzi wa vinasaba umeonesha kwamba kundi hilo lilichangia sehemu kubwa ya urithi wa ndizi mbili zilizotawala biashara ya dunia, Gros Michel na Cavendish. Mama muuza ndizi wa soko la Moshi na duka kubwa la London wanauza, kwa maana hiyo, jamaa wa ukoo mmoja.

Historia ya Cavendish nayo ni historia ya machipukizi. Miaka ya 1830 mtunza bustani Joseph Paxton alilea mgomba uliotoka Mauritius ndani ya nyumba ya vioo huko Chatsworth, Uingereza, makazi ya Duke wa Devonshire, ambaye jina la ukoo wake lilibaki kwenye tunda. Kabla muongo huo haujaisha, mmisionari John Williams alisafirisha miche yake hadi Samoa. Kwa muda mrefu Cavendish ilikuwa ndizi ya pembeni, kwa kuwa meli zilijazwa Gros Michel. Kisha fangasi wa ardhini anayesababisha ugonjwa wa Panama aliimaliza Gros Michel shamba baada ya shamba, na kufikia miaka ya 1960 kampuni za Amerika ya Kati zilikuwa zimehamia Cavendish. Mashamba yale makubwa yalikuwa yamejaa nakala za mmea mmoja. Fangasi aliyejua kuufungua mlango wa mmoja alikuwa na ufunguo wa yote.

Sasa kizazi kipya cha fangasi huyo, kinachojulikana kwa kifupi kama TR4, kinaiua Cavendish yenyewe. Baada ya miaka mingi kikiwa Asia, kilithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013, katika jimbo la Nampula. Mwaka 2019 kilifika Kolombia. Nampula si mbali. Majimbo yanayofuata kaskazini yake, Cabo Delgado na Niassa, yanapakana na Tanzania. Fangasi huyo hubebwa na udongo ulioganda kwenye viatu, jembe na matairi, na hubebwa kwa raha zaidi ndani ya tunguu la mche. Akishaingia shambani hukaa ardhini kwa miongo kadhaa.

Hata hivyo, kwa wakulima wa Maziwa Makuu jina linalotisha ni jingine. Kagera huuita unyanjano. Vitabu vya kilimo huuita mnyauko wa bakteria. Ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye enseti, jamaa wa mgomba ambaye huko hulimwa kwa ajili ya tunguu na shina lake. Kwa zaidi ya miaka 30 ulionekana kama tatizo la Ethiopia peke yake. Mwaka 2001 ukaripotiwa Uganda, ukaingia mashariki mwa Kongo na Rwanda, na mwaka 2006 ukathibitishwa Tanzania, wilayani Muleba. Burundi iliupata mwaka 2010.

Dalili zake ni za kuumiza. Majani hugeuka manjano na kulegea kama yaliyobabuliwa na moto. Ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, kidole kimoja kibichi, kingine cha njano, na kikikatwa ndani ni kahawia. Shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano uzito wa usaha. Hakuna cha kupika, hakuna cha kukamua pombe ya rubisi, hakuna cha kuuza. Hakuna dawa ya kupulizia. Kaya inayotegemea kibanja kwa chakula cha kila siku hujikuta inanunua unga.

Bakteria huyo ana njia kuu tatu. Nyuki na wadudu wengine humchukua kwenye ua dume, lile pande la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Panga lililokata mgomba mgonjwa humhamishia kwenye mzima. Na chipukizi lililotoka kwenye shina lenye maambukizi huweza kukaa muda mrefu likiwa la kijani na la kupendeza, huku limembeba ndani. Mdudu anaupeleka ugonjwa shamba la jirani. Chipukizi lililofungwa nyuma ya baiskeli, au kurushwa juu ya lori la mikungu, linaupeleka wilaya nyingine.

Hapa ndipo ugonjwa ulipogusa kitu ambacho hakipimwi kwa tani. Kwa vizazi, chipukizi lilikuwa zawadi isiyo na maswali. Kijana anayeanza kaya hakuhitaji duka la pembejeo. Alikwenda kwa mjomba, kwa jirani, kwa baba mkwe, akarudi na miche. Kwa njia hiyo aina zaidi ya 80 zilihifadhiwa bila ghala wala friji. Baada ya unyanjano, zawadi hiyo hiyo ikawa kitu cha kuhojiwa. Ni hasara kubwa, na haionekani kwenye takwimu za mavuno.

Njia za kujikinga hazina gharama, ila zina nidhamu. Mara baada ya chane la mwisho kujitokeza, ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda. Kijiti, si panga, kwa sababu panga linalopita mgomba hadi mgomba ndilo linaloeneza. Panga linapolazimika kutumika husafishwa kwa jiki au hupitishwa kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine. Katika miinuko inayozidi mita 1700 hivi, maambukizi ya wadudu hupungua sana, na hapo lawama hubaki kwa vyombo na miche, yaani kwa watu.

Ushauri wa miaka ya mwanzo ulikuwa mkali: mgomba mmoja ukiugua, ng'oa shimo zima, mama na wote walioungana naye. Kwa mjane mwenye mashimo machache, huo ulikuwa ushauri wa kufuta chakula chake kwa mkono wake mwenyewe, na wengi hawakuufuata. Watafiti waliorudi shambani kuangalia kwa makini waligundua jambo la kutia moyo. Bakteria hawafiki kila mara kwenye machipukizi yote ya tunguu moja. Mengi hubaki salama. Kwa hiyo ikatolewa njia nyepesi zaidi: kata usawa wa ardhi lile shina linaloonesha dalili peke yake, rudia ukaguzi mara kwa mara, na safisha panga kila unapokata. Wakulima wa Kivu ya Kaskazini waliitumia wakarudisha mashamba yaliyokuwa yamekatiwa tamaa. Njia hiyo imefaulu kwa sababu imeanzia kwenye ujuzi wa jinsi mgomba unavyozaa, na kwenye heshima kwa anayeutegemea.

Mgomba hauko peke yake katika hali hii. Muhogo hupandwa kwa pingili, viazi vitamu kwa marando, muwa kwa vipande vya shina, na kila kimoja kina maradhi yake yanayosafiri na kipande. Michirizi ya kahawia ya muhogo, inayoozesha mizizi bila kuharibu sana majani, ilielezwa na mtafiti H. H. Storey mwaka 1936 akiwa Amani, kwenye milima ya Usambara. Karibu karne nzima baadaye bado inapelekwa vijijini kwenye mafungu ya pingili ambayo kwa macho hayana kasoro.

Wapo maadui wa mgomba ambao mkulima anaweza kuwaondoa kwenye mche kabla ya kuupanda. Bungua wa migomba hutaga mayai kwenye tunguu, na minyoo midogo isiyoonekana hula mizizi hadi mgomba unaanguka na mkungu wake. Tunguu likimenywa ngozi na mizizi yote hadi libaki jeupe, sehemu kubwa ya wadudu hao hubaki kwenye maganda. Kisha hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, au katika maji ya nyuzi joto 52 hadi 55 kwa dakika 20. Kinachohitajika ni pipa, kuni na saa. Maji hayo hayaui bakteria wa mnyauko waliokwishaingia ndani, wala virusi.

Kwa hao kuna maabara. Fundi huchukua ncha ya kukua ya chipukizi, kipande kidogo kuliko punje ya mahindi, anakisafisha na kukiweka kwenye chupa yenye chakula chake. Kipande hicho huchipua vingine, navyo hugawanywa, hadi jicho moja linatoa mamia ya miche inayofanana. Kenya ilianza kuisambaza miche ya namna hiyo kwa wakulima wadogo miaka ya 1990, Uganda na Tanzania zikafuata. Ni kazi nzuri inayodai uangalifu. Mche wa chupa huuzwa bei ambayo chipukizi la mjomba halikuwa nayo, na miezi yake ya kwanza shambani unahitaji maji na uangalizi zaidi. Tena maabara isiyopima virusi kabla ya kuanza kuzalisha hufanya kwa wiki chache kile ambacho baiskeli ingefanya kwa miaka. Upimaji wa mgomba mama hauna mbadala, na serikali zinazohimiza miche ya chupa zinapaswa kuulipia.

Kukosa mbegu kunaleta shida hata kwenye kuhifadhi. Mbegu za mahindi na mpunga hukaushwa, huwekwa kwenye vifuko na kugandishwa. Ndizi ya kuliwa haiwekeki hivyo. Mkusanyiko mkubwa zaidi duniani wa aina za migomba uko Leuven, Ubelgiji, ulikoanzishwa mwaka 1985, na unashika zaidi ya aina 1,600 kama vimea vidogo ndani ya chupa za kioo, vikikuzwa polepole kwenye ubaridi, na nyingi pia kama vipande vya ncha vilivyozamishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Na bado, ili kupata mgomba mpya kweli, usio nakala ya wa zamani, lazima mbegu ipatikane. Kazi ya kuitafuta ilianza Trinidad mwaka 1922 na Jamaika mwaka 1924. Afrika Mashariki ilijiunga kwa nguvu katikati ya miaka ya 1990, pale taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, NARO, iliposhirikiana na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA. Baadhi ya aina za kundi la Nfuuka hazijapoteza kabisa uwezo wa kushika mimba. Alfajiri, mfanyakazi hupanda ngazi na kupaka maua ya kike chavua ya mgomba mwitu uitwao Calcutta 4, kisha huyafunika kwa mfuko. Miezi baadaye mkungu huivishwa, ndizi humenywa, nyama hupondwa na kuchujwa. Mikungu mingi haitoi kitu. Mbegu chache zinazopatikana haziaminiwi udongoni. Kiini chake hutolewa maabara kwa kisu na kulelewa ndani ya chupa. Mmea unaokua kutokana nacho ni hatua tu. Huwa na seti nne za kromosomu, na lazima uoane tena na wenye seti mbili ili watoto wake warudi kwenye tatu, wawe na matunda yasiyo na mbegu. Kila kizazi kinasubiri mkungu.

Kutoka kwenye juhudi hizo zimepatikana ndizi chotara zinazoitwa NARITA. Uganda iliruhusu ya kwanza mwaka 2010. Tanzania, baada ya majaribio yaliyofanyika Kagera na kwingineko, iliidhinisha nne mwaka 2021 kwa jina la TARIBAN. Jijini Arusha kazi kama hiyo inaendelea kwa ajili ya Mchare. Majaribio hayakuishia kwenye uzito wa mkungu. Wakulima walipika, wakaangalia kama ndizi inageuka ya njano na kulainika, wakaonja. Walikuwa na haki hiyo. Miaka ya nyuma Kagera ilipokea chotara nyingine zenye mikungu mikubwa kutoka Honduras, na kwa wengi ziliishia kwenye rubisi kwa sababu sufuriani hazikuwa ebitoke, ndizi za kupika za Wahaya.

Chotara hizi mpya zinavumilia sigatoka nyeusi, ugonjwa wa majani unaopunguza mavuno. Unyanjano ni habari nyingine, kwa kuwa mgomba wa kuliwa wenye kinga ya kutegemewa dhidi yake haujapatikana; kinga iliyoonekana ni ya Musa balbisiana ya mwitu. Huko Kawanda, Uganda, watafiti wameingiza jeni kutoka kwenye pilipili hoho ndani ya migomba na kupata matokeo mazuri katika mashamba ya majaribio, lakini miche hiyo haijawafikia wakulima. Mkulima wa Muleba anayepokea TARIBAN kwa hiyo anaitunza kama anavyotunza Nfuuka ya bibi yake. Ua dume linavunjwa kwa kijiti, panga linapita motoni kabla ya kugusa shina la pili, na jirani anapokuja kuomba chipukizi, wawili hao kwanza wanazunguka shimo zima pamoja wakikagua majani ya mama na vidole vya mkungu wake.